Tarehe ya kesi: kisa cha mwendesha bodaboda aliyemlalamikia afisa wa polisi

Alhamisi, tarehe 23 Juni 2016, Josephat Mwenda hakuwa na hiari ya kushinda nyumbani. Kesi yake ya trafiki ilikuwa imepangiwa siku hiyo katika Mahakama ya Mavoko, kaunti ya Machakos, na mshtakiwa aliye nje kwa dhamana anajua fika kwamba jina lake likiitwa naye hayupo, hakimu atatoa amri akamatwe. Basi akaenda. Aliandamana na wakili wake, Willie Kimani, kijana wa miaka 32 aliyefanya kazi na shirika la International Justice Mission. Wote wawili walibebwa na dereva wa teksi, Joseph Muiruri. Mchana walimaliza shughuli ya korti, wakaingia garini. Hakuna hata mmoja aliyefika kwake.

Wakenya wengi wanakijua kisa hiki kwa jina la wakili, na wanakikumbuka kama kisa cha mauaji. Ni mauaji kweli, tena ya kinyama. Lakini ukikipanga upya kuanzia mwanzo wake unakuta ni kisa cha lalamiko: mtu wa kawaida alijeruhiwa na askari, akafuata njia iliyowekwa na sheria, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja. Swali langu ni hili: njia yenyewe ilimwacha wapi?

Tuanze Mlolongo. Mji huo uko kando ya barabara kuu ya Mombasa, na jina lake, wenyeji husema, lilitokana na foleni za malori yaliyokuwa yakingoja zamu kwenye mizani. Ni mji wa usafiri: malori, matatu, bodaboda. Tarehe 10 Aprili 2015 Mwenda, ambaye riziki yake ilikuwa pikipiki, alisimamishwa na maafisa wa Polisi wa Utawala, wale tunaowaita AP. Mmoja wao, Fredrick Leliman wa kambi ya Syokimau, alimpiga risasi mkononi.

Hapo tayari sheria ilikuwa na la kusema, kabla Mwenda hajafungua mdomo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ina jedwali la sita, linalohusu matumizi ya nguvu na silaha. Linasema askari aliyetumia bunduki aripoti kwa mkubwa wake mara moja, hata kama hakuna aliyeumia. Pakitokea kifo au jeraha baya, mkuu wake ndiye anayepaswa kuipasha habari Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, yaani IPOA, ili ichunguze. Yaani mzigo wa kwanza wa kuripoti uko mabegani mwa polisi wenyewe. Watu wengi hawajui hili. Wanadhani kila kitu huanza na mwananchi kwenda kulalamika, na polisi nao hawana haraka ya kuwasahihisha.

Kilichotokea ni kinyume. Aliyepigwa risasi ndiye aliyefunguliwa mashtaka: kupatikana na dawa za kulevya, kucheza kamari hadharani, kukataa kukamatwa. Ukiangalia vizuri orodha hiyo utaona kazi ya kila shtaka. Dawa za kulevya zinamchafua mtu jina. Kamari inaeleza kwa nini polisi walikuwa pale. Kukataa kukamatwa kunaieleza risasi. Mashtaka matatu yanaunda hadithi nzima, na hadithi hiyo inaingia kwenye faili ya korti kabla ya majeruhi hajapata hata nafasi ya kuandika yake.

Mwenye jeraha hupitia mlango uleule. Ukitaka kesi ya kuumizwa isimame, unahitaji ripoti yako iandikwe kwenye OB, kile kitabu kikubwa cha matukio pale kituoni, upewe namba; kisha fomu ya P3, ambayo polisi hujaza sehemu yao, daktari hujaza yake. Niliwahi kukaa kwenye benchi la kituo kimoja nikimsindikiza jirani, mama wa makamo, aliyekuwa na jicho limevimba. Afisa wa zamu alifungua kitabu, akaandika tarehe, akauliza bila kuinua kichwa, "Mama, ni nani alikupiga?" Akajibu taratibu, "Ni askari wenu, afande." Kalamu ikawekwa chini. Hakukataa kuandika. Alituambia tu tusubiri mkubwa, na mkubwa, ilivyokuwa, alikuwa ametoka. Tulirudi mara tatu. Kwa hiyo ninaposoma kwamba Mwenda alipata namna ya kulifikisha lalamiko lake nje ya kituo, najua alikuwa ameshapita ukuta ambao wengi huishia hapo.

Alifika IPOA kwa msaada wa International Justice Mission, shirika linalowatetea maskini wanaoonewa na vyombo vya dola. Ni kupitia shirika hilo alikutana na Kimani.

IPOA iliundwa kwa sheria ya 2011, ikaanza kazi mwaka uliofuata, na kuwepo kwake ni tunda la Katiba ya 2010 na la machungu ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Mtu yeyote anaweza kulalamika huko, bila ada. Wapelelezi wake wanaweza kuita mashahidi, kudai nyaraka, kuingia vituoni. Lakini haishtaki. Ikimaliza uchunguzi hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na pia inaweza kupendekeza fidia au adhabu ya kinidhamu. Ni chombo cha kuchunguza na kupendekeza. Katika muda wote huo, aliyelalamikiwa hubaki na sare yake isipokuwa wakubwa wake waamue kumsimamisha. Kanuni za nidhamu za polisi zinaruhusu afisa asimamishwe wakati uchunguzi unaendelea. Zinaruhusu, hazilazimishi. Leliman aliendelea na kazi, Syokimau ileile, mwendo mfupi tu kutoka pale Mwenda alipokuwa akitafutia riziki.

Desemba 2015 Mwenda alikamatwa tena, safari hii akafunguliwa mashtaka ya trafiki. Naona wanaokisimulia kisa hiki hupita hapa haraka, ilhali ndipo kwenye kiini. Kesi ya trafiki ni ndogo. Adhabu yake aghalabu ni faini, na mwendesha bodaboda yeyote hawezi kukosa kosa la trafiki ukimtafutia. Ukimkagua breki, leseni, helmeti, bima, reflekta, utapata tu. Hiyo ndiyo sababu inafaa. Haihitaji ushahidi wa kutunga, haimshangazi hakimu, na haiwezi kukanushwa kwa urahisi kama ile ya dawa za kulevya. Na inampa mtu kitu ambacho hakuwa nacho kabla: tarehe. Kila kesi inapoahirishwa, hutajwa siku nyingine, na siku hiyo inajulikana na pande zote mbili. Mwendesha bodaboda ni mgumu kumpata, leo yuko stendi hii kesho ile. Mshtakiwa hupatikana Mavoko, asubuhi, siku iliyoandikwa.

Mwenda alilalamika kwamba vitisho havikukoma. Hakuliondoa lalamiko.

Katiba ina dawa ya hali kama hii, angalau kwenye karatasi. Kifungu cha 157 kinamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma azingatie haja ya kuzuia mchakato wa sheria usitumiwe vibaya, na kinamruhusu, kwa idhini ya korti, kuisitisha kesi. Mahakama Kuu nayo ina uwezo wa kusimamisha mashtaka yaliyofunguliwa kwa nia mbaya. Kwa mtu aliye na lalamiko hai IPOA dhidi ya afisa wa eneo hilohilo, hoja ya kwanza ya wakili ingekuwa hiyo. Lakini nani huenda Mahakama Kuu kupinga kesi ya trafiki? Gharama ya ombi lenyewe inaweza kuzidi faini mara kumi. Wengi hukubali kosa, hulipa, huenda zao. Mwenda na wakili wake waliamua kuipigania palepale Mavoko, uamuzi wa heshima na wa kawaida kabisa kwa wakili mwenye kesi anayoamini atashinda.

Walipotoka kortini ile Alhamisi walitekwa njiani, wakapelekwa kambi ya AP Syokimau, wakafungiwa ndani ya kontena la chuma lililotumika kama seli. Kituoni kwa aliyelalamikiwa. Kimani alipata karatasi ya chooni, akaandika ujumbe kwamba maisha yao yamo hatarini, pamoja na namba ya simu ya mkewe, akautupa nje. Mtu aliyeuokota alipiga simu. Karatasi hiyo baadaye ilikuwa kielelezo mahakamani. Mara nyingi nimeifikiria: wakili aliyezoea kuandika viapo na hati za maombi, na hati yake ya mwisho ikawa karatasi laini ya chooni, bila muhuri, bila namba ya kesi, nayo ikafanya kazi kuliko faili nyingi alizopata kuzifungua.

Usiku huohuo walitolewa, wakapelekwa kwenye uwanja huko Mlolongo, wakauawa. Miili ilifungwa kwenye magunia ikasafirishwa mbali, ikatupwa mtoni Ol Donyo Sabuk. Teksi ya Muiruri ilikutwa imetelekezwa Limuru, upande mwingine kabisa wa Nairobi, ili wanaotafuta waanzie pasipohusika. Muiruri hakuwa na lalamiko IPOA, hakuwa na kesi, hakuwa shahidi wa chochote. Alikuwa amekodiwa kwenda na kurudi.

Mawakili wenzake Kimani walikimbilia Mahakama Kuu, ikatoa amri Inspekta Jenerali, Joseph Boinnet, awafikishe mahakamani watu hao watatu wakiwa hai au wamekufa. Kwa siku kadhaa hakukuwa na jibu la maana. Miili ilianza kupatikana tarehe 30 Juni. Wiki iliyofuata Chama cha Mawakili Kenya kiliwataka wanachama wake wasuse korti, na mawakili wakaandamana mitaani. Kuna neno lilisemwa sana siku zile, na lina ukweli mchungu: kwamba kama asingekuwepo wakili katika ile teksi, Mwenda angekuwa mwendesha bodaboda mwingine tu aliyepotea.

Kesi ilisikizwa na Jaji Jessie Lessit, Nairobi, na ilichukua miaka sita. Washtakiwa walikuwa maafisa wanne wa AP, yaani Leliman, Stephen Cheburet, Sylvia Wanjiku na Leonard Mwangi, pamoja na raia mmoja, Peter Ngugi, mpashaji habari wa polisi. Ngugi aliandikisha maungamo, kisha akataka kuyakana. Ikabidi jaji asikize kesi ndogo ndani ya kesi ili aamue kama maungamo yalitolewa kwa hiari. Aliyakubali. Kando yake kulikuwa na data za simu zilizoonyesha nani alikuwa wapi saa ngapi, na nani alimpigia nani. Hapo ndipo penye tofauti na malalamiko mengi dhidi ya polisi, ambayo husimama kwenye neno la raia dhidi ya neno la askari. Minara ya simu haina kituo cha kazi wala haimwogopi OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi.

Tarehe 22 Julai 2022 jaji aliwatia hatiani wanne, akamwachilia Mwangi. Alikubali kwamba chimbuko la mauaji lilikuwa lalamiko la Mwenda dhidi ya Leliman. Tarehe 3 Februari 2023 Leliman alihukumiwa kifo, Cheburet miaka 30 jela, Wanjiku 24, Ngugi 20. Hukumu ya kifo Kenya haijatekelezwa tangu 1987, na baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, mwaka 2017, jaji halazimiki tena kuitoa kwa kila muuaji. Kwa hiyo kuitoa hapa kulikuwa ni kuchagua.

Kwa upande wa jinai, basi, haki ilipatikana kwa kiwango ambacho si cha kawaida. Lakini tazama ni kosa lipi lililohukumiwa. Risasi ya Aprili 2015 ilikuwa imegeuka kuwa sababu ya mauaji, maelezo ya nia, aya katika hukumu ya kosa jingine. Swali ambalo Mwenda alilipeleka IPOA, yaani kwa nini nilipigwa risasi na nani atanilipa, liliingia mahakamani likiwa historia.

Na je, kama angechukua njia ya madai? Huulizwa sana: kwa nini usiwashtaki polisi wakulipe? Tufanye hesabu yake, kwa sababu tarehe zake zinajulikana. Kudai fidia kwa kupigwa risasi, kama dai la kawaida la madhara dhidi ya serikali, kuna muda wa miezi 12 chini ya sheria ya ukomo wa madai dhidi ya mamlaka za umma. Miezi 12 tangu 10 Aprili 2015 inaisha Aprili 2016. Wakati huo lalamiko lake liko IPOA, yeye mwenyewe ni mshtakiwa katika kesi mbili, na mkono wake ndio huo uliopigwa. Zamani alitakiwa pia kumpa Mwanasheria Mkuu notisi ya siku 30 kabla ya kushtaki. Mahakama Kuu ililiona sharti hilo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2012, katika kesi ya Kenya Bus Service. Ukuta mmoja ulianguka, ule wa miezi 12 ukabaki.

Dai la kushtakiwa kwa hila ndilo lililomfaa zaidi, kwa sababu linagusa yale mashtaka ya dawa za kulevya na trafiki. Vigezo vyake Afrika Mashariki vimesimama tangu uamuzi wa Mbowa, kesi iliyotoka Uganda mwaka 1972: unayemdai ndiye aliyeanzisha kesi ya jinai dhidi yako, hakuwa na sababu ya msingi, alisukumwa na nia mbaya, na kesi hiyo iliisha kwa upande wako. Hicho cha mwisho ndicho kinachoua madai mengi. Lazima kwanza uishinde kesi ya jinai, hata kama inaahirishwa mwezi baada ya mwezi. Anayeichelewesha anachelewesha pia siku ya wewe kumdai.

Njia ya tatu ni ombi la kikatiba. Vifungu vya 22 na 23 vinamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu moja kwa moja akidai haki zake zimevunjwa, na jaji anaweza kuamuru fidia. Haina ule muda wa miezi 12, ingawa ukichelewa mno utaulizwa ulikuwa wapi. Kipimo cha ushahidi ni chepesi kuliko cha jinai: inatosha kuonyesha kwamba yamkini ilikuwa hivyo. Ningekuwa wakili wake Mei 2015 ningeanza hapa, tena ningeomba amri za muda pamoja na ombi: afisa fulani asimkaribie mlalamishi, mashtaka yasimame hadi ombi lisikizwe. Amri ya Mahakama Kuu haizuii risasi. Lakini inafanya kila kukamatwa kunakofuata kuwe dharau kwa korti, jambo ambalo wakubwa wa polisi hulielewa haraka kuliko barua ya IPOA.

Na akishinda? Anayelipa kwa kawaida ni serikali, kwa sababu inabeba makosa ya watumishi wake. Wala huwezi kumtuma dalali akachukue Land Cruiser ya kituo. Sheria ya kesi dhidi ya serikali inakataza kukamata mali yake. Unapewa cheti, unampelekea afisa mhasibu wa wizara, unangoja. Asipolipa unarudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha. Katika safari yote hiyo, aliyefyatua risasi huenda asitoe hata shilingi mfukoni mwake. Unaweza kumuunganisha kwa jina kama mshtakiwa, na nadhani mawakili wangefanya hivyo mara nyingi zaidi, hata kama hana mali, kwa sababu jina lililo kwenye hukumu humfuata mtu kwenye faili lake la kupandishwa cheo.

Zote hizi, IPOA, madai, ombi la kikatiba, zinadai kitu kimoja kutoka kwa mlalamishi: awe hai na apatikane hadi mwisho. Sheria ya ulinzi wa mashahidi ilikuwepo tangu 2006, na wakala wake upo. Lakini ilitungwa ikimfikiria mtu aliyemwona jambazi, aliye tayari kuhamishwa na kubadilishiwa maisha. Mwendesha bodaboda wa Mlolongo anayemlalamikia askari hajioni kuwa shahidi wa namna hiyo. Anataka kuendelea kubeba abiria. Kumlinda huyo kungehitaji jambo rahisi kuliko kumhamisha: kumhamisha askari. Siku lalamiko la risasi linapopokelewa, aliyefyatua apelekwe kaunti nyingine, bunduki ibaki ghalani, na kesi yoyote mpya dhidi ya mlalamishi ipitiwe na mwendesha mashtaka ambaye hajui jina la kituo husika.

Kuhusu ile kesi ya trafiki ya Mavoko: kwa sheria ya Kenya, mashtaka ya jinai huzimika mshtakiwa anapofariki. Mwenda hakupatikana na hatia, wala hakuachiliwa.